Moshi Ukija, Unahama

Mjomba wangu Athumani aliapa mbele ya watu, siku niliporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na begi langu moja, nikisema nataka ualimu: "Huyu akiwa mwalimu, mimi nitatafuna korosho na ganda lake."

Ninyi vijana mnaopangiwa kufundisha huku Mtwara mkitokea Mwanza na Dodoma, korosho mnaijua ya kwenye pakiti. Ganda lake lina mafuta yanayobabua. Likikugusa mdomo, wiki nzima hunywi chai wala hucheki. Kwa hiyo kiapo kile hakikuwa cha mchezo, na waliokisikia walikipigia makofi. Niliwahi kufeli darasa la saba. Nikaenda Kariakoo kubeba mizigo ya watu. Nani angemwambia Mjomba kwamba yule aliyekuwa anabeba magunia ya mchele alikuwa na kitabu cha hesabu amekikunja kwenye mkanda?

Niliipata. Stashahada, vijana, si cheti. Niliipata nikiwa na mvi ya kwanza kidevuni, kwa ada iliyotoka kwenye mgongo wangu mwenyewe, na mpaka leo nikiandika jina langu hutaliona peke yake. Niliitia fremu yenye kioo kwa fundi mmoja wa Chuno, Mtwara mjini, nikasafiri nayo mapajani hadi kijijini, nikaiweka mbele ya Mjomba, kando ya bakuli lake la uji.

Akaitazama. Akaifuta vumbi kwa kiganja. "Kioo kizuri," akasema.

"Basi nikuletee korosho, Mjomba?"

"Karatasi nimeiona, mpwa wangu. Mwalimu sijamwona bado."

Nilikasirika mwaka mzima. Sasa nimestaafu, kiinua mgongo nimekula, na nawaambieni ukweli: mzee yule alikuwa sahihi. Aliyenifanya mwalimu si chuo. Ni mtoto wa darasa la nne aliyekuwa haoni vizuri, anaitwa Somoe.

Shule yetu, kijijini kwa Mjomba, iko upande wa mdomo wa Ruvuma, mahali ambapo upande mmoja ni mikorosho na upande wa pili ni mashamba ya chumvi. Madirisha ya darasa la nne yanatazama chumvi. Kama hujawahi kukaa mkabala na chumvi jua likiwa juu, chukua kioo ujimulike usoni, utaelewa. Mimi nilifundisha pale miezi mitatu nikiwa nimekunja uso, nikadhani ni ukali wa kazi.

Somoe alikuwa anasoma kwa kuegemeza uso kwenye kitabu mpaka pua inagusa karatasi. Siku yangu ya kwanza nikamwambia, "Inua kichwa, binti. Kitabu si mchumba." Darasa zima likaangua kicheko. Nikajiona mcheshi sana. Kufika saa nne jina limeshamganda: Mchumba wa Kitabu. Saa tano Somoe akakifunga kitabu, na hakukifungua tena kwa majuma mengi.

Andikeni hilo mahali. Utani wa mwalimu una miguu mirefu kuliko somo lake.

Bibi yake, Bi Zainabu, ndiye aliyekuwa akimlea. Alikuja shuleni amejifunga kanga kiunoni, mikono yake myeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho, na akasimama mlangoni bila kuingia.

"Nwalimu, hodi. Nina neno."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Huyu ntoto hajui kusoma, na mwaka wa nne huu. Mimi nina simu. Meseji ikiingia naipeleka dukani kwa Dulla anisomee, na Dulla hana sauti ndogo. Juzi kanisomea ya binti yangu: 'Mama, mume wangu kakimbia tena.' Watu wa foleni ya sukari wote wamenipa pole. Siri zangu zote ziko dukani."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nakupa mpaka msimu. Korosho za kwanza zikianguka, Somoe anisomee meseji yangu mwenyewe, ndani ya uwanja wangu. Asipoweza, anakaa na mimi abangue, avunje maganda. Kubangua hakutaki macho, kunataka vidole."

"Atasoma," nikamwambia. "Mimi nina stashahada."

"Na miwani je, unayo?" akaniuliza, akaenda zake.

Miwani tulimtafutia. Mganga wa macho alituambia imemsaidia kidogo na kidogo hicho ndicho kilichopo. Basi mimi, mtu wa vitendo, nikaamua kumtengenezea mtoto kiti. Nilikuwa nimesoma chuoni kwamba mwanafunzi asiyeona vizuri akae mbele. Nikanunua mbao, nikapiga randa mwenyewe siku mbili, nikakipaka rangi ya bluu, nikakiweka katikati kabisa, hatua mbili kutoka ubaoni. Kirefu, kina egemeo na mahali pa kuwekea daftari. Nilimwita hata Mwalimu Mkuu wetu, Madam Tumaini, mama wa Kinyakyusa aliyependa mambo yaliyonyooka, aje akione.

"Kizuri," alisema Madam Tumaini. "Na kimenyooka na mstari."

Somoe akakaa siku moja. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu hakuja. Siku ya nne akaja akapita kiti cha bluu kama anayepita kaburi, akaenda kukaa sakafuni nyuma ya mlango.

Nikamfuata. Nilikuwa na hasira ya fundi aliyedharauliwa. "Somoe, kiti chako kiko wapi?"

"Kiko pale, mwalimu."

"Mbona hukikalii?"

Akaivuta miguu yake nyuma ya mlango.

"Huoni ubao ukiwa pale?"

"Naona, mwalimu."

Hapo vijana nawasimamisha. Usimuulize mtoto "Unaona?" wala "Umeelewa?" Atakwambia ndiyo. Amefundishwa adabu nyumbani, hawezi kumwambia mkubwa kwamba alichofanya hakifai. Muulize jambo ambalo adabu haiwezi kulijibu. Siku ile kwa bahati nikamuuliza, "Haya, nisomee neno la mwisho pale ubaoni."

Akakaza macho kuelekea ubaoni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, pale mbele chumvi inanitia kiwi. Ubao unakuwa mweupe wote. Halafu kile kiti kirefu, wananiona wote. Kiti cha mgonjwa kile."

Nikakaa sakafuni kando yake, na suruali yangu ya tetroni. Nikatazama ubao. Kutoka pale nyuma ya mlango ubao ulikuwa mweusi kabisa, na maandishi yamekaa juu yake kama chumvi kwenye sufuria. Tatizo likabaki umbali tu. Nikainuka nikaenda kwenye kiti changu cha bluu, nikakaa, nikatazama. Ubao ulikuwa unameremeta kama bati jipya. Siku mbili nilizopiga randa, sikuwa nimekikalia hata mara moja.

"Sasa wewe ungekaa wapi?" nikamuuliza. Lilikuwa swali langu la kwanza la maana katika ajira yangu yote.

"Saa hizi au saa sita?"

"Kwani kuna tofauti?"

Akanitazama kama mimi ndiye wa darasa la nne. "Jua linatembea, mwalimu. Kwa bibi tukichoma korosho hatupangiwi pa kukaa. Moshi ukija, unahama."

Mliozaliwa kwingine, niwaeleze. Korosho inachomwa kwanza kwenye bati, na moshi wake ni mkali, unaingia machoni na kooni. Wanawake wanaobangua hukaa kuzunguka uwanja, kila mmoja na mkeka wake na jiwe lake. Upepo ukigeuka, aliyepatwa na moshi ananyanyua mkeka wake na kusogea. Haombi ruhusa. Hakuna anayemuuliza. Hakuna anayesema pale ni pake. Na kazi haisimami. Nimezaliwa ndani ya moshi ule, nimeona jambo hilo maisha yangu yote, nikaenda chuo kusomea namna ya kupanga darasa, na haikunijia kwamba mama yangu alikuwa akilipanga.

Shida ilikuwa madawati. Dawati letu ni la watoto watatu, chuma na mbao, linahitaji wanaume wawili kulihamisha. Huwezi kuhama na kitu hicho. Nikawauliza watoto: mngepanga ninyi, mngeweka nini humu ndani? Waliongea mpaka kengele ikanipita. Walitaka mikeka, vigoda, meza za kupiga magoti, na ubao zaidi ya mmoja, wa chini, ambao mtu anaweza kuuendea. Mmoja alitaka kitanda. Tulimkatalia kwa kura.

Shule haikuwa na vitu hivyo. Nikaenda kuazima. Nilijivunia maisha yangu yote kwamba sikuwahi kugonga mlango wa mtu, na sasa nikapita nyumba kwa nyumba kuazima fanicha kama mwenye harusi.

Bi Zainabu alinipa mikeka yake sita ya kubangulia. "Na irudi korosho za kwanza zikianguka," alisema. "Siku ileile ya mapatano yetu. Nkeka na ntoto, vyote nataka siku moja." Hapo hapo nikamwomba radhi kwa lile jina la Mchumba wa Kitabu. Akanitwisha mkeka wa kwanza. "Sisi msahafu tunaubusu, nwalimu. Hicho kitabu chako kina nini hata kisibusiwe?"

Dulla wa dukani alinipa kreti tupu za soda, ishirini, nzuri kwa meza, huku akitangaza kwa wateja wote kwamba elimu ya kijiji sasa imesimama juu ya kreti zake. Mjomba Athumani alinipa mlango. Alikuwa na mlango wa mninga aliouhifadhi kwa nyumba asiyomaliza kuijenga.

"Mlango wa nini, wewe mwenye karatasi?"

"Wa kuandikia, Mjomba."

"Huko Dar walikwambia watu wanaandika kwenye mlango?" Lakini alinipa, akanisaidia kuubeba mpaka barabarani.

Namna ya kuugeuza mlango kuwa ubao, andikeni: koroga uji mwembamba wa unga wa muhogo, uache upoe, changanya na masizi ya sufuria yaliyochekechwa kwa kitambaa, paka mara tatu, kila mara ukisubiri ukauke. Zamani tulisaga makaa ya betri za redio. Msifanye hivyo, yana sumu. Masizi hayameremeti, na hiyo ndiyo siri yote. Tuliuegemeza ukutani ukilala kwa ubavu, mtoto aliyepiga magoti anaufikia kwa mkono na kwa pua.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Nilipotangaza kwamba kila mtu akae anapopenda, wote walikimbilia kona ya mlango, wakapigana. Mmoja akapanda dirishani. Madam Tumaini akatokea na kusimama pale, mkono kiunoni.

"Mwalimu, hii ni shule au ni ngoma?"

"Ni mbinu shirikishi, Madam."

"Naona wanavyoshirikiana," akasema, akielekeza kidole kwa wawili waliokuwa wanavutana shati.

Nusura nirudishe madawati tuliyokuwa tumeyatoa nje. Ni watoto waliokataa. Waliketi wakatunga sheria wenyewe, na Somoe ndiye aliyezisema: hakuna mwenye pake; unahama na kitu chako bila kelele; na wawili wakitaka mahali pamoja, kila mmoja aseme moshi wake, mwenye moshi mkali ndiye akae. "Moshi wako nini?" likawa neno la darasa. Moshi wangu mbu. Moshi wangu Shaweji ananichekesha. Moshi wangu sisikii.

Huyo Shaweji shule ilikuwa imemwita mkaidi kwa miaka mitatu. Baada ya juma moja nikaona kila akihama anakaa ukuta ukiwa kushoto kwake. Asubuhi ukuta huu, mchana ukuta ule, daima kushoto. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Hakuna aliyejua, hata mama yake, kwa sababu miaka yote hiyo sisi walimu ndio tuliokuwa tukimchagulia pa kukaa. Darasa linalohama linakuambia mambo ambayo faili haliyajui.

Madam Tumaini alikuja tena, akasimama muda mrefu zaidi. Kesho yake akaleta pazia la sebuleni kwake, zito, la kahawia, akalitundika mwenyewe upande wa chumvi. "Nimeazimisha tu," alisema. "Na lining'inie limenyooka."

Sasa niwaambie jambo nisilojivunia, maana ninayojivunia mmeshayasikia. Mwezi wa sita niliitwa kwenye semina ya walimu mjini. Nikasimama, nimevaa tai, nikasema, "Mimi nina msemo wangu darasani: moshi ukija, unahama." Ukumbi ulipiga makofi. Mtu mmoja aliandika ubaoni na jina langu chini yake, pamoja na stashahada. Niliporudi, Madam Tumaini akawatangazia watoto mstarini kwamba mwalimu wao amesifiwa mjini kwa msemo wake. Nilimwona Somoe amesimama mstari wa pili. Aliinamisha uso tu, kama siku ile ya mchumba.

Nilipaswa kusema palepale. Sikusema. Nilifundisha miezi mitatu mingine na neno la mtoto mfukoni mwangu.

Somoe alikuwa anasoma. Polepole, pua kwenye mlango wa Mjomba, halafu pua kwenye kitabu, akizunguka darasa na kigoda chake kufuata kivuli. Lakini kusoma darasani ni kimoja, na kusoma simu mbele ya bibi ni kingine, na wala hakukubali nimjaribu kwa simu yangu. "Siku ikifika," alisema. Ilibidi nimwachie, maana mimi ndiye niliyesema achague.

Korosho za kwanza zilianguka siku ya Jumanne. Jumatano nikawaambia watoto: leo tunarudisha vya watu. Kwa miezi ile wazazi walikuwa wamesuka mikeka ya miyaa, na fundi ametupigia vigoda na mbao mbili nyepesi, kwa hiyo darasa halikubaki tupu. Kila kundi liliandika barua ya shukrani, maneno wakachagua wao, na sharti likawa waisome wenyewe mbele ya aliyetuazima.

Dulla alisomewa: "Asante kwa kreti. Tunaomba usome meseji za watu kwa sauti ndogo." Alicheka mpaka akaegemea mzani, na akatoa pipi. Madam Tumaini alirudishiwa pazia limefuliwa na limepigwa pasi, limenyooka kama mstari wa fulskepu, na akapangusa macho kwa pindo lake, ikabidi lifuliwe tena.

Kwa Mjomba tulibeba mlango watu wanane. Nilitaka tuusugue kwanza, watoto wakakataa. Walikuwa wameandika barua yao juu yake: "Mjomba Athumani, mlango wako umetufungulia." Mjomba akausoma kwa kidole, herufi kwa herufi. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa korosho moja, mbichi, na ganda lake.

Watoto wakasogea karibu. Kiapo kile kila mtu kijijini anakijua.

"Mjomba, acha," nikamwambia.

"Ninaacha," akasema. "Meno yamebaki mawili, hata iliyobanguliwa siiwezi. Lakini mwalimu nimemwona." Akanitia ile korosho kiganjani. "Msiufute mlango wangu."

Tukabaki na mikeka. Bi Zainabu alikuwa uwanjani kwake, bati liko motoni, wanawake watatu wako naye wakibangua. Somoe alikuwa amebeba mkeka wa juu kichwani. Akaushusha, akaamkia. Bibi yake hakuutazama mkeka. Alifungua pindo la kanga akatoa simu.

"Imeingia jana. Sijampelekea Dulla."

Somoe akaipokea. Akasimama, akageuka akalipa jua mgongo. Haikumfaa. Akasogea hatua tatu kwenye kivuli cha ukuta, akachuchumaa, akainua simu mpaka ikamgusa pua. Wanawake waliacha kubangua. Mimi nilikuwa nimeikamata ile korosho ya Mjomba mpaka vidole vinauma. Nilitaka kumsaidia. Nilijua ni silabi gani itamshinda. Nikafunga mdomo, na kwa mtu kama mimi hiyo si kazi ndogo.

"'Ma-ma,'" akasoma. "'Shikamoo. Mume... wangu amerudi. Na-omba usi... usimwambie Dulla.'"

Wanawake wale walicheka mpaka mmoja akamwaga korosho zake. Bi Zainabu hakucheka. Aliichukua simu, akaifunga tena kwenye pindo, polepole, kama mtu anayefunga kitu chenye thamani mpya.

"Nwalimu," akasema, "kazi umeifanya."

Kinywa changu kilikuwa kimeshafunguka kusema ahsante. Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo tangu Kariakoo. Somoe alikuwa ananitazama, au anatazama mahali nilipo.

"Si mimi, mama," nikasema. "Kuna kitu kimoja bado sijakirudisha. Kule mjini walinisifu kwa kusema 'moshi ukija, unahama'. Yale maneno si yangu. Niliyaazima kwa Somoe bila kumwambia. Nayarudisha leo, mbele yenu."

Somoe akatabasamu, akafunika uso kwa kanga yake. Lakini Bi Zainabu alikunja uso.

"Kwa Somoe?" akasema. "Yeye kayatoa wapi? Hayo ni ya kwangu mimi, na kabla yangu ni ya mama yangu. Lete hapa."

"Nimeleta, mama."

"Nimepokea. Sasa kaa, umesimama wima kama nguzo. Kaa popote."

Nikakaa kwenye ukingo wa mkeka niliotoka kuurudisha, na viatu vyangu vya ngozi, watoto wote nyuma yangu. Somoe akakaa kwa bibi yake, kitabu mapajani. Upepo wa kutoka chumvini ukageuka.

Moshi ukaja. Tukahama.